Madumu Mepesi

Naapa kwa meno yangu kumi na tisa yaliyobaki kwamba yote nitakayosimulia hapa ni kweli tupu. Chumvi sikutia, maji sikuongeza. Naandika huku najisomea kwa sauti. Mke wangu, aliyekaa upande wa pili wa meza akinishonea vifungo vya shati, amenisikia nikila kiapo hiki na hakuinua hata macho.

"Na ukishikwa?" akauliza.

Nikamwambia nikishikwa na uongo hata wa ukubwa wa tundu la sindano yake, nitafua mapazia yote ya nyumba hii kwa mikono yangu, pamoja na yale mazito ya sebuleni. Yapo kumi na moja. Sasa mtu mwenye akili zake atacheza na mapazia kumi na moja?

Haya. Alikuwepo jirani yangu mmoja, dereva wa lori la kukusanya maziwa, watu wakimwita Nukta. Jina alilipata kiwandani. Mbele ya jukwaa la kupokelea maziwa palipakwa nukta nyeupe ya upana wa kifuniko cha soda, kuonyesha mahali lori linapotakiwa kusimama, na kwa miaka thelathini na moja tairi la mbele la kushoto liliilalia nukta ile kama kuku anavyolalia yai. Huyo ndiye aliyekuwa anaweza kurudi nyuma na lori la tani saba kwenye kichochoro ambacho mbuzi mwenye mimba angekifikiria mara mbili. Alikuwa akiweka kikombe cha chai kimejaa pomoni juu ya dashibodi, anazunguka vituo vyote ishirini na saba, anarudi na chai yake ileile, imepoa tu. Mke wangu amekohoa kidogo hapo, lakini ni vumbi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kituo kilikuwa kichanja cha mbao kando ya barabara. Wafugaji walikuwa wakiosha madumu yao ya bati, wanayapanga matupu juu ya kichanja yapigwe na upepo wa alfajiri, halafu wanarudi zizini kukamua. Wakimaliza wanakuja na ndoo, wanamimina, wanafunika, na hapo ndipo Nukta anatokea, anapakia yaliyojaa na kuwaachia mengine kwa ajili ya kesho. Saa yake ilijulikana. Kuna nyumba zilizokuwa zinaamsha watoto kwa mlio wa lori lake.

Shida ilianza alipofika miaka hamsini na minane. Usingizi ulianza kumfuata kazini. Siku moja alikipita kituo cha saba kabisa, bibi mwenye ng'ombe watatu akalikimbilia lori akipunga kitambaa, na Nukta akampungia mkono akidhani anasalimiwa. Wiki hiyohiyo meneja akabandika tangazo mlangoni: kila dereva aliyevuka hamsini na mitano atapimwa uwezo wa kuendesha. Atakayeshindwa atakabidhi ufunguo na kuhamia chumba cha kuoshea madumu, akae huko mpaka astaafu.

Nukta alilisoma tangazo lile mara tatu. Ufunguo wa lori alikuwa akiuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na huo hauvuliwi hata bafuni. Hakuogopa kuosha madumu, maji hayajawahi kumuua mtu mzima. Aliogopa kusikia lori lake likiwashwa asubuhi na mtu mwingine, huku yeye amejiinamia ndani ya dumu.

Fundi wa magari wa pale kiwandani, mtu wa makamo mwenye jibu la kila swali, ndiye aliyemwona amenyong'onyea.

"Kaka, wewe hujazeeka, unasinzia tu," fundi akamwambia, huku akipangusa mikono kwa kipande cha suruali kuukuu. "Shika hii."

Kilikuwa kitita cha mirungi, wengine wanaiita miraa, kimeviringishwa ndani ya gazeti.

"Mimi nitafune majani kama mbuzi?"

"Tafuna kama bwana. Menya kaganda, weka tonge shavuni, shushia na maji. Baada ya saa moja utasoma namba ya gari lililo wilaya nyingine."

Nukta akatafuna. Yalikuwa machungu, lakini fundi hakudanganya, angalau kwa juma la kwanza. Usingizi ulifunga virago. Mtu aliyekuwa anatumia maneno arobaini kwa siku sasa aliyamaliza kabla ya kufunga mlango wa gari. Aliisimulia giriboksi habari za utoto wake. Alihesabu nguzo za umeme njiani akapata mia mbili na kumi na nne, kesho yake akapata mia mbili na kumi na tatu, na ile moja iliyopotea ikamkera mpaka jioni. Alijiona mwepesi, mkali, kijana. Kilichokuwa kigumu ni kulala. Kitandani macho yalimkodoka, mdomo umekauka kama chaki, taya zinauma. Kukipambazuka mwili umekwisha kabisa, na dawa ya mwili uliokwisha ilikuwa tonge jingine.

Jumanne moja alitoka nyumbani mapema kuliko wakati wake kwa saa nzima. Saa ya mkononi aliitazama, tena aliitazama sana, ila kilichomshughulisha ni kwamba mshale mdogo ulikuwa na kutu kwenye ncha. Akafika kituo cha kwanza. Hakuna mtu. Madumu yamepangwa juu ya kichanja.

"Wamerudi kulala, wavivu hawa," akasema.

Akashika dumu la kwanza, la lita arobaini, ambalo siku zote lilikuwa likimtoa jasho, na likapanda juu kwa mkono mmoja. Nukta akasimama. Akalitazama dumu, akautazama mkono. Kumbe ndiyo maana fundi anaisifu, akawaza. La pili akalipandisha kwa vidole vitatu. Kufika kituo cha kumi alikuwa anabeba mawili kila upande na kuyarusha ndani ya lori, huku akiwahurumia wanaume wote duniani wasiotafuna. Akapakia madumu sitini na mawili. Akayapanga vishikio vikitazama upande mmoja, akashuka, hakuridhika, akapanda tena kugeuza manne.

Lori lilivyokuwa linakimbia, madumu yalipiga kelele kama bendi. Dumu lililojaa maziwa halipigi kelele, hilo hata paka wa kiwandani analijua. Nukta yeye aliona lori limechangamka kama mwenyewe. Barabara ilikuwa pana, kona zilinyooka zenyewe kumpisha. Mtu wa baiskeli aliingia mtaroni na baiskeli yake, na Nukta akaona ni namna nzuri ya mtu kumpisha mkubwa.

Kwenye jukwaa alikuwepo mpokeaji maziwa. Huyu alikuwa mwanamke mwenye pua inayoweza kunusa dumu na kukuambia ng'ombe alilalia ubavu gani. Kwanza aliitazama nukta nyeupe. Tairi lilikuwa limeipita kwa hatua nzima. Akafunua dumu la kwanza, akachungulia, akagonga ubavuni.

"Dereva, hiki ni nini?"

"Maziwa ya kituo cha kwanza."

"Basi ng'ombe wa kituo cha kwanza amekamuliwa upepo."

Akafunua la pili. Akafunua yote sitini na mawili, moja baada ya jingine, na kila moja akaliinamia na kulinusa, maana kazi ni kazi. Nukta alisimama pembeni akimsubiri afikie yenye maziwa. Huko nyuma, watu wa vituo ishirini na saba walikuwa wamesimama na ndoo zao mbele ya vichanja vitupu.

Alipomaliza, mpokeaji akamtazama usoni kwa muda.

"Shavu hilo lina jipu?"

"Jino."

"Jino la kijani," mpokeaji akasema, akarudi ndani.

Meneja hakupaza sauti. Alimkaribisha kiti. "Mzee wangu," akasema, "umetuletea hewa safi ya mashambani na nashukuru, lakini hewa hatuipaki. Kipimo chako kilikuwa mwezi ujao. Sasa ni Alhamisi."

Hapo mtu mwingine angetupa yale majani jalalani. Nukta alikwenda kwa fundi.

"Kosa lako unadonoadonoa," fundi akamweleza kwa upole wa daktari. "Nusu nusu ndiyo inachanganya kichwa. Alhamisi tafuna kitita kizima, uone."

Nukta akamwamini. Ukiwa na ufunguo shingoni na siku mbili za kuwa nao, unamwamini yeyote anayekuambia utabaki nao.

Mpimaji aliyeletwa Alhamisi aliitwa Mama Saa. Alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, mwenye saa ya kupimia muda iliyoning'inia kifuani kama filimbi ya refa. Alimketisha Nukta mbele ya kisanduku cha mbao chenye taa, na chini yake pedeli ya breki iliyong'olewa kwenye gari fulani.

"Taa ikiwaka, kanyaga. Isipowaka, tulia. Ni hilo tu, baba."

Nukta akatabasamu. Magoti yalikuwa yanamcheza kwa hamu, damu inakimbia masikioni. Alikanyaga kama fundi cherehani mwenye harusi ya kesho. Mama Saa akasoma karatasi yake.

"Taa imewaka mara ishirini. Umekanyaga mara thelathini na nne."

"Si nimezidisha? Afadhali anayezidisha."

"Mara kumi na tisa umekanyaga taa haijawaka."

"Ilikuwa inajiandaa. Niliiona."

"Na mara tano imewaka hukukanyaga kabisa."

"Hapo nilikuwa nahesabu skrubu za kisanduku chako. Ziko sita, moja imelegea. Ungeikaza."

Mama Saa akaitazama ile skrubu. Kweli ilikuwa imelegea. Akauliza, "Unajionaje leo, baba?"

"Sijawahi kuwa mzima hivi."

Akaliandika na hilo.

Kisha wakatoka uani, nyuma ya kiwanda, kwenye koni thelathini za kupenya kwa mbele na kwa nyuma. Mwisho wa koni kulikuwa na njia iliyonyooka, na pembeni mapipa. Nyuma ya mapipa Mama Saa alikuwa ameficha sanamu la magunia yaliyojazwa majani makavu, limevishwa mtandio wa bluu wenye maua meupe, na mlinzi wa geti kashika kamba ya kulivuta livuke njia kama mtu. Dereva hajui. Anatakiwa aone na asimame.

Basi Nukta akawasha lori, akapita kati ya koni zote thelathini, kwa mbele na kwa nyuma, na kilichozigusa ni upepo tu. Akaingia njia iliyonyooka. Sanamu likachomoza. Guu la Nukta lilishafika kwenye breki kabla wazo halijafika kichwani, na lori likasimama mbele ya mtandio ule wa bluu kwa nafasi ambayo ungeweza kupitisha karatasi moja, tena karatasi nyembamba, ile ya kufungia maandazi. Mama Saa akaivua saa yake, akaitia mkobani, akampa mkono. "Baba," akasema, "wewe hupimwi. Wewe ndiye kipimo." Na ufunguo ukabaki shingoni mpaka siku ya kustaafu. Huo ndio mwisho wa—

"Umemaliza?" mke wangu akauliza. Ameweka sindano chini.

"Karibu."

"Mtandio wa rangi gani, umesema?"

"Bluu. Una maua meupe."

Akainuka, akaenda chumbani. Nilisikia droo ya chini ya kabati, ile inayokwama, ikivutwa mara tatu. Akarudi na kitu mkononi, akakitandaza juu ya karatasi zangu, juu ya wino ambao haujakauka. Kitambaa cha bluu. Maua meupe. Na katikati, kutoka pindo hadi pindo, alama nyeusi ya tairi, meno yake yameonekana vizuri kiasi cha kuhesabika.

"Karatasi nyembamba," akasema. "Ya kufungia maandazi."

Nikaisogeza pembeni chupa ya wino.

"Na huyo jirani. Upande huu tuna fundi viatu, upande ule ukuta wa shule. Dereva wa maziwa anakaa wapi?"

"Alihama."

"Na alivyowaza moyoni alipoinua dumu, na magoti yalivyomcheza, alikuwa akikusimulia kupitia ukutani?"

Nikalitazama dirisha. Mapazia ya sebuleni ni mazito kweli.

"Mapazia yatakungoja," akasema, akakaa. "Kwanza sema vizuri."

Basi nasema vizuri. Ila nitaendelea kumwita Nukta, kwa sababu nikiandika "mimi" kalamu inateleza.

Alhamisi ile Nukta aliangusha koni kumi na saba na hakusikia hata moja. Moja ilinasa chini ya lori, akaiburuta uwanja mzima. Alipoingia njia iliyonyooka, sanamu likatoka nyuma ya mapipa polepole, mwendo wa mtu aliyebeba ndoo. Macho ya Nukta yalikuwa wazi kuliko siku yoyote ya maisha yake. Yalikuwa yanamtazama mdudu anayetembea juu ya kioo, kutoka kushoto kwenda kulia, na Nukta alikuwa anamhesabu miguu. Lori likanesa kidogo. Akadhani ni shimo.

Akasimamisha gari, akashuka anatabasamu.

"Umetumia dakika ngapi, baba?" Mama Saa akauliza.

"Tatu. Zikizidi, nne."

"Kumi na moja. Na njiani umekuta nini?"

"Hakuna kitu. Njia ilikuwa nyeupe."

Mama Saa hakubishana naye. "Twende tukaitembee," akasema.

Wakaitembea pamoja, bega kwa bega. Nukta aliziona koni zimelala, akaanza kusema kuna mtu kaja kuziangusha nyuma yake. Hapo hapo akayaona magunia. Majani makavu yalikuwa yametawanyika pande zote mbili, na juu yake ulikuwa mtandio. Alikuwa ameuona asubuhi ileile. Ulikuwa kichwani mwa mpokeaji maziwa, ambaye alikuwa ameoana naye miaka ishirini na sita, alipokuwa akimmiminia chai ambayo hakuinywa kwa sababu shavu lilikuwa na kazi nyingine.

Kwa muda hakufikiria magunia. Aligeuka kulitazama jukwaa. Mpokeaji alikuwa amesimama pale, kichwa wazi, mikono ameifumbata, mzima wa afya, anamtazama.

Nukta akaivua kamba ya kiatu shingoni. Ilinasa kwenye sikio, akaivuta taratibu, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Mama Saa kabla hajaombwa.

"Sikuona," akasema.

"Najua, baba."

"Na ningekula kiapo kwamba naona."

Alilala siku mbili mfululizo. Siku ya tatu akakipeleka kile kitita kilichobaki kwenye chumba cha kuoshea madumu, akakitia kwenye ndoo ya takataka mbele ya fundi, bila hotuba. Miaka miwili aliosha madumu. Kila asubuhi alisikia lori likiwashwa na mtu mwingine, na mpaka leo anaweza kukuambia yule mtu aliikosa nukta kwa vidole vingapi. Siku ya kustaafu alipewa dumu moja la bati. Limo jikoni, tunahifadhia unga.

Hapo nikaweka kalamu chini. Mke wangu alikuwa ameshika pindo la mtandio.

"Mama Saa alikuja jukwaani kuomba kitambaa kibovu cha kulivisha lile sanamu," akasema. "Vitambaa vibovu vilikuwepo, gunia zima. Nikavua huu kichwani, nikampa."

"Kwa nini?"

"Nilisema huu hutashindwa kuuona."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Nikaenda kuchukua ngazi.

Naandika mistari hii ya mwisho vidole vimekunjamana kwa maji. Mapazia sita yako kambani, matano yananisubiri kwenye beseni, yale ya sebuleni nimeyaacha mwisho kwa sababu nayaogopa. Niliuliza kama mtandio nao tuutie majini. Amesema huo haufuliwi, akaurudisha kwenye droo inayokwama. Yeye ameketi kwenye kigoda kivulini anachambua mchele, na bado ananisimamia. Amesema sasa hivi kwamba pazia la nne lina doa karibu na pindo.

Nimelitazama kwa muda mrefu, nimelisogeza kwenye jua, nimeligeuza. Sioni doa lolote.

Nimelirudisha kwenye beseni.